Kabichi Kwenye Kitasa

6 Novemba

Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu: mwezi wa tatu ukifika, Osmar asije akaniambia kwamba tuliishi vizuri. Namjua mume wangu. Hukumbuka jua, mvua huisahau.

Basi iandikwe. Tumekuja Ureno, kijijini huku juu ya Fundão, tujaribu msimu mmoja wa baridi. Pensheni zetu zinatoka Brazili kwa reali, na huku tunakula kwa yuro. Zikitutosha mpaka mwisho wa Machi, tunamuuzia nyumba yetu ya Juiz de Fora jirani yetu Clóvis, daktari wa meno, ambaye ameimezea mate miaka yote. Zisipotutosha, tunarudi. Osmar anataka kuuza hata kesho. Mimi nataka kuona kwanza. Nyumba ile niliijenga kwa cherehani, gauni moja la harusi baada ya jingine, na siitoi kwa sababu ya picha za micheri iliyochanua ambazo mtu aliziona kwenye simu.

Leo tuliteremka mjini tukaingia mkahawani. Hatujaagiza hata maji, mhudumu akaleta mkate, zeituni na kijibini cha mbuzi, akaviweka mezani huku anatabasamu.

"Unaona ukarimu wa watu hawa, Dalva?" akasema Osmar, mdomo umejaa.

Bili ilipokuja, mkate ulikuwamo, zeituni zilikuwamo, na kijibini kilikuwamo kwa bei ya jibini zima.

"Kaka, hivi hatukuagiza," nikamwambia mhudumu.

"Lakini mmekula, mama."

Nikalipa, na neno lake hilo liliniuma kuliko pesa. Kumbe ndiyo desturi yao, kila mwenyeji anajua: usipokitaka, unakisukuma pembeni. Nimejifunza. Nchi hii, kisichoagizwa ndicho ghali.

9 Novemba

Asubuhi nilikuta mfuko wa kitambaa umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wetu. Ndani mna kabichi, kubwa kama kichwa cha ndama, bado ina umande. Hapakuwa na mtu. Sikuigusa mpaka Osmar alipoamka.

"Ni jirani wa chini," akasema. "Bi Idalina."

"Anatudai nini?"

"Kabichi, Dalva! Ni kabichi tu!"

Na zile zilikuwa zeituni tu.

10 Novemba

Nimeurudisha mfuko. Mama yangu alinifunza kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo nilioka vimkate vya jibini vya jimboni kwetu Minas nikatia dazeni. Hesabu imefungwa. Bi Idalina ni mjane wa miaka karibu themanini, mfupi, kavaa nyeusi mpaka soksi. Alinipokea mlangoni akanitazama juu mpaka chini.

"Mpo wangapi humo ndani?"

"Wawili."

"Mkate wa Firmino hamchukui?"

Firmino ni mtu wa mkate. Anapanda na gari lake alfajiri, kila nyumba imetundika mfuko wake mlangoni tangu jioni, anatia mikate anaondoka. Mwisho wa mwezi anakwambia umekula mingapi. Mkate unaingia gizani, na mwenye kuhesabu ni yeye. Nikamwambia Bi Idalina kwamba sisi tunanunua wetu dukani mjini, ni nafuu.

"Nafuu," akasema, akafunga mlango.

11 Novemba

Mfuko tena. Machungwa.

15 Novemba

Kabichi. Mvua.

19 Novemba

Boga na chupa ya mafuta ya zeituni. Sasa naielewa biashara yenyewe. Mimi narudisha vimkate, yeye anapandisha dau. Jibini la kuokea linakula pesa kuliko mtungi wa gesi! Nimemwambia Osmar kwamba zawadi za mama huyu zitatufilisi kabla ya Krismasi. Anacheka. Anakula boga la watu na kucheka.

28 Novemba

Ukungu. Nimegundua jambo. Kila asubuhi nikifungua mlango kuchukua mfuko, pazia la dirisha la Bi Idalina linatikisika. Anatuangalia. Nimejaribu siku tatu mfululizo, mapema na kwa kuchelewa. Hachoki.

3 Desemba

Nimekutana naye akitoka kanisani, amemshika mkono Bi Custódia wa nyumba ya mbele, ambaye ni mkongwe wa miaka tisini na anatembelea fimbo mbili.

"Mtakaa mpaka Pasaka?" akaniuliza, hata salamu bado.

"Tutaona."

"Na mkate? Bado hamtaki?"

"Bado, Bi Idalina."

"Mbishi huyu," akamwambia Bi Custódia, kana kwamba mimi ni kiziwi. Custódia akajibu, "Wabrazili ni watu wa wali."

Nimefikiri njia nzima. Lazima Firmino anampa chochote kwa kila mteja anayemletea. Haiwezekani mtu mzima ahangaike hivi kwa mikate miwili ya mwenzake.

12 Desemba

Baridi ya huku haikai nje. Inakaa ndani ya nyumba, kwenye kuta za mawe, kwenye shuka. Nje kuna jua, ndani navaa koti kuosha vyombo. Nimeziba madirisha yote, isipokuwa la jikoni, kwa utepe wa gundi, ufa kwa ufa, kama ninavyopinda pindo. Upepo hauingii tena. Nimefurahi, nakubali.

25 Desemba

Mfuko, hata leo! Karanga za kukaanga na soseji. Rosângela binti yetu alipiga simu kutoka Juiz de Fora, yuko kwenye bwawa na wanawe, jua kali. Nililia kidogo baada ya kukata simu. Osmar alijifanya anatafuta miwani.

4 Januari

Bili ya umeme imekuja. Nimeisoma nikaketi. Nimeshuka mara mbili kuitazama mita, nimezima kila kitu ndani na bado kigurudumu chake kinazunguka, polepole, kama kinanicheka. Osmar anasema ni friji. Mimi nasema labda kuna waya unaokwenda chini kwa mtu.

Tangu leo hita haiwashwi. Ikibidi, nusu saa kabla ya kulala.

5 Januari

Kabichi.

10 Januari

Nataka kuandika hili nikiwa bado na hasira, lisije likapoa.

Tulikuwa Fundão tangu asubuhi. Mvua ilitukuta huko. Tuliporudi, dirisha la jikoni, lile pekee nililoliacha bila utepe kwa ajili ya moshi wa chakula, nililokuwa nimelisahau wazi, lilikuwa limefungwa. Sakafu chini yake ilikuwa imepigwa deki. Tambara langu limekamuliwa na kukunjwa nne. Mimi sikunji nne.

Nikashuka ngazi mbili mbili.

"Bi Idalina, umeingia kwangu?"

"Mvua ilikuwa inaingia. Ungekuta samaki jikoni."

"Umeingiaje?"

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akanionyesha bila hata aibu. Mwenye nyumba, Bwana Aníbal, anaishi Ufaransa, alimwachia.

"Nipe huo ufunguo."

"Ufunguo si wako, mwanangu. Ni wa Aníbal. Aniombe yeye."

"Naishi humo mimi!"

"Ndiyo maana ninao," akasema.

Kwa hiyo kabichi zilikuwa za kututuliza, huku yeye anaingia na kutoka anavyotaka. Nimehesabu vijiko. Vimetimia, lakini hilo halimaanishi kitu. Mtu mwerevu haanzi na vijiko.

11 Januari

Nimempigia fundi wa vitasa. Bei aliyoitaja kwa kubadili kitasa kimoja, na nauli ya kupanda mpaka huku, ni karibu chakula chetu cha wiki mbili. "Tungoje kidogo," akasema Osmar. Tunangoja. Reali imeshuka tena.

17 Januari

Machungwa. Barafu kwenye vioo, kwa ndani.

23 Januari

Osmar anakohoa. Nimempikia supu ya kabichi ya yule bibi, basi, nifanyeje? Kabichi ikioza haimfai mtu, hata ya mtu ninayemshuku.

1 Februari

Nimechoka kungoja bili ya Bi Idalina. Nimeshuka na pochi mkononi.

"Bi Idalina, wewe ni mtu mzima na mimi ni mtu mzima. Hizi kabichi, machungwa, mafuta. Niambie bei tumalizane."

Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Bei?"

"Hakuna kitu cha bure. Kama ni Firmino amekutuma, niambie. Kama ni Aníbal anataka ujue tunaishi vipi, niambie."

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akanishika kiwiko akanitoa mpaka nje ya mlango wake, kwa upole, kama mtu anavyomtoa kuku sebuleni. Nilimwona macho yamejaa maji. Hapo nilijisikia vibaya, lakini nilijikumbusha mhudumu wa mkahawani naye alivyotabasamu.

2 Februari

Kabichi kwenye kitasa.

Hili ndilo lililonitia hofu ya kweli. Mtu aliyetukanwa akanuna, ninamwelewa. Mtu aliyetukanwa akaendelea kutoa ana jambo lake.

3 Februari

Leo sikuuchukua mfuko. Niliuona, nikauacha uning'inie, nikarudi kunywa kahawa. Nilisema moyoni, ngoja tuone.

Haikupita hata nusu saa. Mlango ulipigwa kwa kitu kigumu, nadhani mchi, mpaka vikombe vikalia.

"Dalva! Dalva! Uko ndani?"

"Niko ndani! Kuna nini?"

"Na mumeo?"

"Yuko chooni! Unataka nini?"

Nilimsikia anahema nje ya mlango.

"Basi chukua mfuko wako," akasema. Nikamsikia anashuka, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine.

Osmar akatoka. "Nani huyo?"

"Kichaa," nikamwambia. Tangu leo nauingiza mfuko mapema nisipigiwe makelele. Ameshinda hilo moja.

9 Februari

Mvua siku ya sita. Nguo hazikauki. Nyuma ya kabati pameota ukungu mweusi. Osmar ametoa stoo seredani ya zamani ya wenye nyumba, sufuria pana la shaba la kutilia makaa. Huku watu waliiweka chini ya meza, miguu yote ikaota joto. Makaa tunayo gunia zima na hayapiti kwenye mita ya mtu. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba nimevua soksi. Sijui kwa nini hatukufikiri hili mapema.

19 Februari

Naandika kwa kuchelewa, na sababu ni hii.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe kumi na tano. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani, baridi kali kuliko zote. Tulikuwa tumebeba seredani tukaiingiza chumbani, makaa mekundu kabisa, tukafunga mlango joto lisitoroke. Madirisha nilikwisha kuyaziba mwenyewe. Tulikunywa chai kitandani. Osmar alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni kikohozi, ajifunike. Mimi pia kiliniuma. Nakumbuka niliwaza kwamba mfuko wa leo sijauchukua, na kwamba nitainuka sasa hivi kuuchukua. Miguu haikuniitika. Niliona raha tu, ajabu ya raha, nikalala.

Kilichofuata ni kofi. La pili. La tatu.

"Pumua, mshenzi wewe! Pumua!"

Nilikuwa nimelala kwenye kibaraza, mvua inaninyea usoni, na Bi Idalina amenikalia tumboni kwa soksi zake nyeusi. Pembeni yangu Osmar alikuwa juu ya zulia la chumbani, uso mwekundu kama wa mtu aliyetoka pwani. Bi Idalina alikuwa ametuburuta mmoja mmoja kwa zulia hilohilo. Mwanamke wa miaka themanini! Bi Custódia alisimama upande wa pili wa njia kwa fimbo zake mbili, anapiga kelele mpaka wazima moto wakaja na gari lao la wagonjwa.

Nilitapika njia nzima. Mimi nililala hospitali usiku mmoja, Osmar bado yuko huko, kinyago cha hewa usoni. Daktari, msichana mdogo, aliniambia hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi. Akaniuliza ni nani aliyetukuta.

"Jirani."

"Alijuaje?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

21 Februari

Osmar amerudi. Anatembea kama mzee. Ameketi kitandani akasema, "Dalva, twende nyumbani. Mwambie Rosângela amwambie Clóvis hatuuzi. Nilikuwa mjinga." Nimengoja maneno haya tangu Novemba. Yamekuja, na sikufurahi.

Hakuna mfuko kwenye kitasa. Wala jana haukuwepo.

22 Februari

Nimeshuka kwa Bi Idalina. Sikuoka kitu, sikubeba pochi. Nilibisha nikasimama.

Mkono wake wa kulia umefungwa bendeji. Aliteguka akituburuta. Hakunikaribisha, lakini aliacha mlango wazi, nami nikaingia nikakaa kwenye kigoda.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mfuko. Nilitundika saa moja asubuhi. Saa mbili unaning'inia. Nikasema mbishi yule amenuna tena. Saa tatu nikabisha, kimya. Nikaingia."

"Kwa ufunguo."

"La, kwa dirisha, kama mchawi," akasema. "Kwa ufunguo, ndiyo!"

Nilikumbuka fundi wa vitasa. Angekuwa na bei nafuu, leo Rosângela angekuwa anavaa nyeusi. Nilishindwa kujizuia, nililia mbele yake, nikamwomba msamaha kwa habari ya bei. Aliniacha nilie. Kisha akaanza kusema, huku anatazama viazi na hanitazami mimi.

Kwenye nyumba yetu aliishi mwanamke anayeitwa Graça. Walikua pamoja, walichuma zeituni pamoja tangu wakiwa wasichana. Miaka minne iliyopita, mwezi huu wa pili, mfuko wa mkate wa Graça ulining'inia mlangoni asubuhi nzima. Idalina aliuona. Alidhani Graça amekwenda kwa bintiye Covilhã. Kesho yake Firmino alikuta mkate wa jana bado umo, akatia mwingine juu yake, akaenda zake.

"Tulimkuta sakafuni jikoni, amekwisha kufa," akasema Bi Idalina. "Siku ya kwanza, daktari alisema, alikuwa bado yu hai. Mimi nilipita hapo mara tatu na ndoo zangu za kuku."

Tangu hapo njia yetu ina sheria. Kila mtu anachukua mkate. Kengele ya saa mbili ikilia, kila mfuko uwe umekwisha kuingizwa ndani. Unaobaki, mlango unagongwa. Usipojibiwa, ufunguo. Bi Custódia funguo zake wanazo watu watatu.

"Halafu mkaja nyie," akasema. "Hamtaki mkate. Ni nafuu dukani! Sasa ningejuaje kama mmeamka? Ikabidi nitundike chochote."

"Kila siku?"

"Kwani mtu huchagua siku ya kufa?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. "Ungeniambia tu, Bi Idalina."

"Nikuambie nini? Kwamba nawangoja mfe? Ungefunga virago siku ileile." Akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akanionyesha shamba lake. Matuta matupu, mabua yamekatwa mpaka chini, kuku wanachakura. "Angalia. Kabichi zangu zimekwisha, machungwa yamekwisha. Agiza mkate, Dalva. Nakuomba. Mimi sina tena cha kutundika."

23 Februari

Nimekata kipande cha pazia la zamani nikashona mfuko. Mshono wa Kifaransa, kingo zote zimefichwa ndani, kamba ya kutundikia nimeipitisha mara mbili. Osmar ananitazama.

"Unashona nini, na tunaondoka?"

"Nani amesema tunaondoka?"

"Si wewe? Tangu Novemba?"

Nikamuuliza: kule Juiz de Fora, na kuta zetu ndefu, waya wa umeme juu na vitasa vitatu, tukianguka jikoni atagonga nani? Clóvis? Clóvis angetazama saa tu, angoje nyumba ibaki tupu. Osmar akatoa bili kwenye droo. "Na umeme?" akasema. "Na reali?" Seredani nimempa mnunua vyuma chakavu, na utepe nimeubandua wote. Tutavaa makoti.

24 Februari

Nimetundika mfuko jioni. Mikate miwili.

25 Februari

Firmino alipita alfajiri, nilimsikia. Mkate ulinukia mpaka kitandani. Sikuuchukua.

Naandika ukweli: niliacha makusudi. Niliketi nyuma ya mlango na koti langu, nikasubiri. Maneno ya mtu ni mazuri, lakini mimi ni Dalva, naamini nikishaona. Kengele ya kanisa ikalia saa mbili. Nikahesabu pumzi zangu. Nikaanza kuwaza kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na nilisikia uchungu mkubwa kuliko nilivyotarajia.

Ndipo niliposikia fimbo mbili zinavuka njia, na nyuma yake viatu vinapanda ngazi, kimoja, pumziko, kingine. Na gari la Firmino linarudi kinyumenyume kutoka kilimani, honi inalia mfululizo.

Mlango ukapigwa mchi.

"Dalva! Uko hai?"

Nikafungua. Walikuwa watatu, na Bi Idalina mbele na bendeji yake, ufunguo tayari mkononi. Nikamwambia niko hai. Alinitazama juu mpaka chini, akaelewa, akanipiga kofi dogo la shavu.

"Usinifanyie tena," akasema.

Baada ya kahawa nimempigia Rosângela. Nimemwambia amwambie Clóvis nyumba ni yake, ila asimpunguzie hata senti, maana yule mtu simwamini.